Mtoto wa mbwa anayeuma: maswali ninayoulizwa kila mara hapa Goma

Maswali haya ninaulizwa getini kwangu, sokoni Virunga nikinunua sambaza (wale samaki wadogo wa ziwani), na hata juu ya pikipiki, dereva akigeuza kichwa kunisimulia mambo ya "imbwa yake inalumaka batoto". Nimeanza na ya msingi, nikaendelea na ya kila siku, halafu ya mbwa wa zamu, ambayo ndiyo tunayobishania zaidi katika mji huu. Magumu yako mwisho. Kama damu imeshatoka na unasoma haya mkono ukiwa umefungwa kitambaa, acha mengine yote, nenda swali la 15 sasa hivi.

## Ya msingi

1. Kwa nini mtoto wa mbwa anauma kila kitu?

Kwa sababu hana mikono. Mtoto wako akitaka kujua kitu hukishika na kukivuta. Mbwa mdogo hukitia mdomoni: mguu wa kiti, kikwembe (kitenge) kinachoning'inia kwenye kamba, kidole chako. Isitoshe, ndivyo alivyokuwa akicheza na ndugu zake, kutwa wakiumana masikio na shingo. Akizidisha nguvu, mwenzake analia na kuacha mchezo. Akimng'ata mama yake kwenye chuchu, mama anasimama na kuondoka, na maziwa yameishia hapo.

Hilo ndilo somo lake la kwanza la kupima nguvu ya meno. Karibu yote nitakayokueleza huku chini ni kumwiga yule mama mbwa.

2. Meno yake yanatoka na kubadilika lini?

Meno ya utoto yanaanza kutokeza karibu wiki ya tatu. Yakitimia ni 28, membamba kama sindano, ndiyo maana yanachana ngozi ingawa taya bado halina nguvu. Kuanzia miezi mitatu na nusu au minne yanang'oka, na akifika miezi sita au saba amepata ya ukubwani, 42. Katikati hapo fizi zinamuwasha na atatafuna kupita alivyokuwa akitafuna. Ukikuta tone la damu kwenye kitambaa chake, au jino kama punje ya mchele sakafuni, usihangaike. Mengi huyameza. Ila ukiona chonge jipya limeota na la zamani bado limesimama kando yake, mpeleke kwa veterineri (daktari wa wanyama).

3. Nimeletewa akiwa na wiki tano tu. Je, ni mapema?

Ni mapema. Aachwe na mama na ndugu zake mpaka angalau wiki ya nane. Kama bado hujamchukua, mlipe mwenye mbwa, umwache mtoto hapo hapo, uwe unamtembelea. Kama ameshafika kwako, jua kwamba amekosa sehemu ya lile somo la swali la 1, kwa hiyo atang'ata kwa nguvu zaidi na wewe utalazimika kuwa ndugu yake. Ukiwa na jirani mwenye mbwa mkubwa mpole aliyechanjwa, waache wacheze mbele yenu. Mbwa mkubwa anayejua kazi yake atamfundisha kwa siku tatu kitu ambacho wewe utakifundisha kwa wiki tatu.

Usimweke chini barabarani ambako mbwa wasiojulikana wanapita kabla hajamaliza chanjo za parvo (ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa) na za magonjwa mengine. Hizo zinaanza kati ya wiki ya sita na ya nane na kurudiwa kila wiki tatu au nne hadi karibu wiki ya 16. Lakini usimfungie ndani pia. Mpaka karibu wiki ya 12 au 14 akili yake iko wazi kuzoea mambo. Mbebe mikononi, simama naye kando ya barabara, aone chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) imepakia makaa, asikie pikipiki, aone watu wa buti na wa miavuli, asikie mvua ikipiga mabati. Mbwa asiyeviona vitu hivi sasa atavionea woga kesho, na woga huuma (swali la 17).

4. Nitajuaje kama anacheza au ana hasira kweli?

Tazama mwili wote, usitazame meno peke yake. Anayecheza mwili wake ni laini: anainamisha mikono ya mbele, makalio juu, mdomo wazi, anaruka pembeni na kurudi. Mwenye woga au hasira anakakamaa. Mdomo umefungwa, macho yamekodoa au weupe unaonekana pembeni, mkia umeingia katikati ya miguu. Mngurumo peke yake si ushahidi. Wengi hunguruma wakivutana kamba kwa furaha. Akikakamaa, majibu ya maswali 5 hadi 12 hayakuhusu, nenda 16 na 17.

## Ya kila siku

5. Ameshika mkono wangu. Nifanye nini dakika hiyo hiyo?

Usiuvute. Mkono unaokimbia ni panya, naye amezaliwa kukimbiza panya. Uache ulale kama mkono wa mtu aliyesinzia. Kitu kilichokufa hakina ladha. Baada ya sekunde chache meno yatalegea. Hapo utoe taratibu, umpe kitu chake halali cha kutafuna. Akikichukua, mwambie "vizuri!" na uendelee kucheza.

Akikiacha na kurudia mkono, simama. Usiseme kitu. Mgeuzie mgongo, ondoka upande wa pili wa mlango kwa nusu dakika au dakika moja, kisha rudi kama vile hakuna kilichotokea. Akiuma tena, ondoka tena. Jioni ya kwanza utasimama mara ishirini, na wa nyumbani watakuuliza kama umepatwa na nini. Vumilia. Anachojifunza ni hesabu moja tu: meno kwenye ngozi, mtu anapotea.

Tafuta ubao wa kimo cha goti uuweke mlangoni, ili kuondoka kwako kuwe kuvuka ubao tu. Usimfungie yeye chooni au gizani saa nzima, kwa sababu baada ya dakika moja hakumbuki tena ni kwa ajili ya nini.

Akishika kikwembe au suruali wakati unatembea, ni hivyo hivyo: simama kama nguzo. Ukimburuta, umempa mchezo mzuri kuliko yote ya siku hiyo.

Usidai yote mara moja. Wiki za kwanza ondoka kwa yale makali tu yanayouma kweli. Akishayaacha, ondoka hata kwa ya wastani. Mwisho hata jino likigusa ngozi tu, mchezo umekwisha. Akipita ngazi hizi moja moja, siku atakapokanyagwa mkia usiku akageuka kwa mshtuko, mdomo wake utakuwa umezoea kujizuia.

6. Wengine wanasema nilie "aii!" kama mbwa mwenzake.

Jaribu mara mbili tatu. Kuna wanaoshtuka na kuachia. Kuna wengine, hasa wenye damu ya kukimbiza, ambao kelele ile inawapandisha wazimu. Wako akiwa wa aina hii, nyamaza na ufuate swali la 5.

7. Nimpige kidogo? Nimbane mdomo? Nimpige puani?

Hapana. Najua wengi wetu tumelelewa kwa fimbo na tunaona haikutuua. Lakini fikiria mbwa anachokiona: mkono unakuja usoni. Akiwa mchangamfu, anaona ni mieleka, anauma zaidi. Akiwa mwoga, anajifunza kwamba mkono unaokaribia ni hatari, na siku moja mtoto ataunyosha wake amsalimie. Ukimchapa kwa sababu ya kunguruma, hujaondoa hasira yake, umeondoa kengele. Kuanzia hapo atauma bila kutoa taarifa.

Kinachosaidia kuliko kofi ni nyumba nzima kukubaliana neno moja. Nimeona parseli (kiwanja chenye nyumba) ambako mama anasema "acha!", watoto "non!", zamu (mlinzi) anamkataza kwa Kinyarwanda, na bibi anapiga kofi mezani. Mbwa anasikiliza lugha nne na hajui hata moja. Chagueni neno, mliseme mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha mtende.

8. Nimpe nini atafune?

Kikwembe kilichochakaa, ukichane vipande vitatu, ukisuke kama nywele na kukifunga mafundo: ndicho kitu bora na hakigharimu kitu. Kilowanishe maji ya baridi fizi zikimuwasha. Karoti mbichi nzima, zile nene za kutoka milimani, nazo ni nzuri, ukikaa naye. Mpira uwe mkubwa kiasi cha kutopita kooni.

Usimpe mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku. Inapasuka vipande vyenye ncha. Vijiti vya mishikaki ni hatari zaidi, maana vinanukia nyama na atavimeza. Gunzi la mahindi huziba utumbo, na mbwa anaweza kufa nalo. Usimpe pia sandali ya zamani. Hajui tofauti ya sandali iliyotupwa na ile uliyonunua juzi kwa ajili ya misa.

9. Nawezaje kumfundisha kitu cha kufanya badala ya kuuma?

Mfundishe kuketi. Shika sambaza kavu mmoja (asiye na chumvi) juu ya pua yake, usogeze mkono polepole kuelekea nyuma ya kichwa. Kichwa kitapanda, makalio yatashuka. Yakigusa chini tu, "vizuri!", na samaki aingie mdomoni. Mara tano, mara tatu kwa siku, siku chache tu.

Baadaye kila kitu anachotaka kinapitia hapo: sahani, mlango, mgeni wa kusalimia. Mbwa aliyeketi hawezi kwa wakati huo huo kurukia na kushika mkono wa shati. Mimi hutembea na sambaza mfukoni, na ndiyo, koti langu linanuka.

10. Anawauma watoto kuliko watu wazima. Kwa nini?

Watoto wanakimbia, wanapiga kelele kwa sauti nyembamba, wanarusha mikono, wanaanguka chini. Machoni pake ni ndugu zake wa tumbo moja. Hakuna chuki hapo.

Fundisha watoto mchezo wa "mti": mbwa akija kwa meno, mtoto anasimama, anakunja mikono kifuani, anatazama juu, hasemi. Wafanyie mazoezi mbwa akiwa hayupo, maana mtoto akishaogopa hasikii. Marufuku kumvuta mkia, kumbeba kama mdoli, kumsumbua akila au akilala. Na mtoto aliye chini ya miaka sita au saba asiachwe peke yake na mbwa, hata kwa muda wa kwenda kugeuza fufu (ugali). Ukiwa na kazi jikoni, ubao wa swali la 5 uwe katikati yao.

11. Kila jioni, kama saa kumi na mbili, anakuwa kama ameingiwa na pepo.

Amechoka. Mbwa wa umri huo anahitaji usingizi wa saa 18 hadi 20 kwa siku, na katika parseli yenye familia tatu, bomba la maji na watoto kumi nani atamwachia alale? Kama mtoto mchanga aliyezidiwa na usingizi, badala ya kulala anapandisha. Kumchezesha "amalize nguvu" kunaongeza kazi. Mweke mahali pake penye kivuli na utulivu, mpe kamba yake ya kikwembe, ondoka. Wengi wanakoroma ndani ya dakika kumi.

12. Itaisha lini?

Mkifuata haya wote, kila siku, utaona mabadiliko ndani ya wiki chache. Wakati meno yanabadilika atarudi nyuma kidogo, usiseme umeshindwa. Wengi wanatulia wakikaribia miezi saba. Nyumba ambayo mtu mmoja anakataza na mwingine anacheza mieleka na mbwa kwa mikono, ngoja sana.

## Mbwa wa zamu

13. Nikimkataza kuuma, nani atakamata mwizi?

Hili ndilo swali la Goma. Hatufugi mbwa kwa ajili ya kumlaza kwenye kochi. Tunamfuga kwa sababu usiku ni mrefu. Kwa hiyo niruhusu nikusimulie.

Mbwa wangu wa kwanza aliitwa Jivu, kwa rangi yake. Alipokuwa mdogo, zamu wetu alimchokoza kila jioni kwa mguu wa suruali, naye akaning'inia nao huku akinguruma, nasi tukicheka kibarazani: "Huyu atakuwa simba!" Alipofika miezi saba, saa kumi na mbili asubuhi, binti wa jirani aliingia na bido (dumu) yake ya njano kuchota maji kwetu, kama kila siku. Akiwa ameshachota, bido iligonga jiwe, Jivu akaruka. Mashimo manne kwenye mkono wa mtoto wa miaka tisa. Bado naliona lile bido likiwa limelala juu ya mawe ya volkano, maji yakitoka kidogo kidogo. Mama yake hakugombana nasi. Aliacha tu kutuma mtoto kwetu.

Na mwizi? Alikuja mwaka ule ule, akapitia nyuma, akamtupia Jivu kipande cha nyama, akachukua betri ya sola.

Tulimfundisha nini basi? Tulimfundisha kwamba meno kwenye nguo za watu ni furaha. Hatukumfundisha kutofautisha. Mbwa hajui neno "mwizi". Anajua anayemfahamu na asiyemfahamu, kinachokimbia na kisichokimbia, na wanaokimbia katika parseli zetu ni watoto.

Anachokiogopa mwizi wa usiku ni kujulikana. Mbwa akibweka, wewe unaamka, jirani anaamka, filimbi na masufuria vinaanza kulia avenyu nzima. Kubweka hakuhitaji kufundishwa kuuma: mbwa mwingi akikomaa huanza mwenyewe kubwekea kisicho cha kawaida. Akibweka usiku, toka, tazama, mwambie "vizuri", kisha "basi". Hiyo ndiyo shule ya zamu. Hata mbwa wa kunusa wa Hifadhi ya Virunga, wanaofuatilia majangili, silaha yao ni pua.

14. Pilipili kwenye chakula, mnyororo mchana kutwa, chumba cha giza: havimfanyi awe mkali?

Pilipili inamfanya aumwe tumbo. Mnyororo na giza vinamfanya awe mwoga asiyejua watu, na siku mnyororo ukikatika atamuuma wa kwanza aliye karibu, ambaye mara nyingi ni anayemletea chakula. Mfunge wageni wakija kama ni lazima, kwa kamba ndefu, kivulini, na maji yakiwa karibu. Halafu mfungue.

## Magumu

15. Ametoboa ngozi, damu imetoka. Sasa?

Osha kwanza. Sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili kwa saa. Kama bomba halitoki, mtu ainue bido amwagie polepole wewe ukisugua. Ukimaliza, paka dawa ya kuua vijidudu ya spiriti au ya ayodini. Kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo, uulize mambo mawili: kichaa cha mbwa na pepopunda.

Usiseme "ni katoto tu". Mtoto wa mbwa anaweza kuwa na kichaa kama mbwa mkubwa. Virusi vyake viko kwenye mate na vinaingia kwa kung'atwa, kwa kukwaruzwa, hata kwa kulambwa penye kidonda. Dalili kwa mtu huja mara nyingi baada ya miezi miwili au mitatu, na zikishaanza karibu hakuna anayepona. Ndiyo maana sindano hupigwa kabla, kwa ratiba ya siku kadhaa, na ratiba hiyo imalizwe. Chanjo hii ya baada ya kuumwa imekuwepo tangu mtoto Joseph Meister alipodungwa chanjo ya Louis Pasteur mwaka 1885.

Jiwe jeusi lile wanalobandika kwa waliong'atwa na nyoka halitoi virusi. Wala mawese, wala petroli, wala nywele za mbwa zilizochomwa. Vyote hivyo vinakula muda wa sabuni.

Mbwa usimuue. Mfunge mahali salama, mpe chakula na maji, mtazame siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa akitoa virusi siku alipouma, na daktari anaweza kusitisha sindano zilizobaki. Ukimuua siku ya kwanza umefuta jibu. Lakini usingoje siku hizo 10 ziishe ndipo uanze kutibiwa. Matibabu yanaanza leo.

Na umchanje. Kwa kawaida ni akifikisha miezi mitatu, kisha tena baada ya mwaka; veterineri anaweza kuanza mapema zaidi penye hatari na kurudia. Uhifadhi karatasi yake pamoja na karatasi za nyumba.

16. Ananguruma nikikaribia sahani yake.

Usiinyang'anye "ajue mkubwa ni nani". Unathibitisha alichokiogopa. Pita mbali kidogo akila, umtupie kipande cha kitu kizuri kuliko kilichomo, endelea na safari yako. Kila siku karibu zaidi kidogo, mpaka miguu yako iwe habari njema. Akiiba kitu hatari, badilishana: sambaza kwa soksi. Kama anakakamaa na kushambulia, mlishe peke yake nyuma ya ubao na uombe msaada wa veterineri.

17. Nilimuokota barabarani, anauma kila anayemgusa.

Huyu hachezi, anajitetea, na kuondoka kwako (swali la 5) kwake ni ushindi. Achana na kumgusa. Kaa chini, ubavu kwake, tupa chakula, tazama pembeni. Aje mwenyewe. Siku ya kumgusa, anza kifuani au ubavuni, kamwe usianze juu ya kichwa, sekunde mbili tu na uache. Mwonyeshe pia kwa veterineri: mwenye minyoo, viroboto au jeraha anauma kwa sababu anaumwa. Na kwa kuwa hujui alikotoka, soma swali la 15 kabla hajakutoboa.

18. Ana miezi minane na bado anang'ata. Nimechelewa?

Hujachelewa, ila taya sasa lina nguvu na hakuna tena nafasi ya mieleka. Utaratibu ni ule wa maswali 5 na 9, ukiongeza kamba nyepesi shingoni unapokuwa naye, ili umwondoe bila kumshika. Wageni wakiwepo, azoeshwe kifuniko cha mdomo kinachomruhusu kuhema na kunywa maji. Kipakwe ndani kitu kitamu, aingize pua mwenyewe kwa siku kadhaa kabla ya kukifunga.

19. Kuhasi kutamaliza kuuma?

Kwa kung'ata kwa utoto, hapana. Kunapunguza kuzurura na kutia mimba majike ya mtaa, na kwa sababu hizo tu kunafaa.

20. Haumi mtu yeyote, ila wenye buti.

Au wenye mwavuli, au mzee mwenye fimbo, au wanaobeba mizigo kichwani. Aliogopa umbo hilo mara moja na hakupewa nafasi ya kulisahau. Tafuta umbali ambao anaona buti na bado anaweza kula. Kwa mbwa wangu wa sasa ulikuwa kutoka kibarazani hadi getini. Buti zikionekana, sambaza zinashuka, zikipotea, zinakoma. Nilimlipa kijana mmoja soda tatu apite na kurudi mbele ya geti jioni nne mfululizo. Siku ya tano mbwa alisikia buti kabla yangu, akageuka, akaketi, akatazama mfuko wa koti.